Wenye macho wasioona: mapitio ya kozi ya sauti kuhusu manabii

Kozi ninayoipitia hapa ina masomo 12 ya sauti, kila moja likiwa na urefu wa takriban nusu saa, pamoja na kijitabu cha maswali na mwongozo mfupi wa mwezeshaji wa kikundi. Mada yake ni moja: jinsi manabii wa Agano la Kale, kuanzia Amosi hadi Malaki, walivyowashutumu watu waliokuwa na macho wasione, na waliobweteka wakati maangamizi yamekwisha kukaribia malango yao. Mtayarishaji wake simtaji, kwa sababu kasoro nitakayoieleza si yake peke yake. Nimeikuta katika miongozo mingi ya kujifunza Biblia, na huu wa sasa unaipita karibu yote kwa ubora. Kozi hii ninaipendekeza, ila kwa sharti: msikilizaji asiyapokee maelezo yake kuhusu chanzo cha upofu huo, kwa kuwa hapo ndipo mhadhiri anapopishana na manabii wenyewe.

Somo la kwanza ni utangulizi wa wafalme na miaka, na halina la ziada. Uzuri unaanza katika somo la pili, linalomhusu Amosi. Mhadhiri anaeleza kwamba mchungaji huyu wa Tekoa, ambaye pia alikuwa mtunza mikuyu, alivuka mpaka kutoka Yuda kwenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini, yaani Israeli, katika karne ya 8 KK, wakati wa Yeroboamu wa pili, mfalme ambaye kwa mujibu wa 2 Wafalme 14 aliirudisha mipaka ya Israeli toka maingilio ya Hamathi hadi bahari ya Araba. Huo ulikuwa wakati wa neema. Ili msikilizaji aione neema hiyo, mhadhiri anataja vipande vya pembe za ndovu vilivyochimbuliwa Samaria katika miaka ya 1930, na vigae vyenye maandishi vilivyopatikana hukohuko mwaka 1910, ambavyo ni kumbukumbu za divai na mafuta yaliyopelekwa mjini. Baada ya hapo anaisoma Amosi 6 taratibu, na vitanda vya pembe, divai na mafuta mazuri havibaki tena maneno ya ushairi, bali vinakuwa mali ya watu waliokuwa na majina, wakipokea mizigo na kuiandikisha.

Lililonivutia zaidi ni jambo ambalo wahubiri wengi hulipita. Katika orodha ile ya starehe, mhadhiri anauliza, ni kitu gani kilichokatazwa na torati? Kulala kitandani si dhambi, wala kula mwana-kondoo, wala kuimba kwa kinanda, wala kujipaka mafuta. Isitoshe, watu wale walijitungia vinanda mfano wa Daudi, maana yake walijiona kuwa warithi halali wa mfalme aliyempendeza Mungu. Shtaka halipo katika kitu chochote cha orodha. Limewekwa mwishoni, katika maneno machache yanayosema kwamba hawakuhuzunika kwa ajili ya mateso ya Yusufu, yaani ya taifa lao wenyewe. Mtu angeweza kuishi maisha yale yote bila kuvunja amri moja aliyoweza kuitaja, na bado akawa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa mateka. Hapa kozi inafanya kazi yake vizuri kuliko kitabu chochote cha maelezo nilichokwisha kusoma kuhusu sura hiyo.

Somo hilohilo linaisoma pia Amosi 4 bila kuruka kitu. Njaa inatajwa, halafu ukame, halafu ukavu wa mazao na nzige, halafu tauni na upanga, halafu maangamizi kama ya Sodoma na Gomora, na kila mara msomaji anarudi kwenye kauli ileile, “lakini hamkunirudia mimi, asema BWANA”, mara tano. Watayarishaji wengi wangefupisha. Hapa hawakufupisha, na kwa kuisikia mara ya tano msikilizaji anatambua kwamba nabii hakuwa akilalamikia watu wasioonywa, bali watu waliokwisha kuonywa mpaka onyo likageuka kuwa desturi ya msimu.

Kwa hiyo nilishangaa kufika somo la tatu, la Hosea, na kukuta maelezo yanayobomoa yote hayo. Somo zima limejengwa juu ya nusu ya mstari mmoja, Hosea 4:6, ile nusu inayosema kwamba watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa. Kutoka hapo mhadhiri anahitimisha kwamba upofu wa kiroho ni ukosefu wa mafundisho, kwamba Israeli waliasi kwa kuwa hawakujua, na kwamba dawa yake ni kusoma zaidi, kuhudhuria zaidi, na (hili analisema bila kuona haya) kumaliza kozi kama hii. Hitimisho hilo ni rahisi kulipokea, linamfurahisha kila mwalimu, na nimelisikia likitolewa mimbarini mara nyingi kiasi kwamba nusu ya pili ya mstari imekuwa kama haipo.

Nusu ya pili inasema hivi: “kwa kuwa wewe umeyakataa maarifa, mimi nami nitakukataa wewe, usiwe kuhani mbele yangu mimi.” Anayeshtakiwa si mtu wa kawaida asiyefika darasani. Ni kuhani, yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitunza torati na kuifundisha, na kosa lake si kutokujua bali kukataa. Mstari wa 8 unaeleza na sababu: makuhani hao wanakula dhambi ya watu, na mioyo yao inautamani uovu wao. Wafasiri wengi wanauelewa mstari huo kwa maana iliyo wazi kabisa, kwamba dhambi zikizidi, sadaka zinazidi, na sehemu ya kuhani katika sadaka inazidi pia. Ujinga wa watu ulikuwa na faida kwa waliopaswa kuuondoa. Ukiisoma sura hiyo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi, huwezi tena kusema kwamba tatizo la Israeli lilikuwa uhaba wa masomo. Hosea hakuwa akiwahurumia wasiojua. Alikuwa akiwakamata waliojua.

Na Hosea huyohuyo ana picha ambayo kozi inaipitia kwa sentensi moja, wakati ingestahili somo lake peke yake. Katika sura ya 7 anasema juu ya Efraimu, yaani ufalme wa kaskazini, kwamba wageni wamekula nguvu zake naye hana habari, na kwamba mvi zimetokea kichwani mwake huku na huko naye hana habari. Mvi hazifichiki, jirani anaziona, mtoto anaziona, na anayepita njiani anaziona. Asiyeziona ni mwenyewe, kwa kuwa anajipima kwa sura aliyokuwa nayo zamani. Ufalme wa kaskazini katika miaka ya Hosea ulikuwa ukibadilisha wafalme kwa kuuana na kulipa kodi kwa Waashuri, na bado ulijihesabu kuwa ule wa siku za Yeroboamu. Samaria ilianguka mwaka 722 au 721 KK. Nabii hakuhitaji kutoa siri yoyote iliyofichika. Alihitaji tu kusema kile ambacho kila mgeni alikwisha kukiona.

Masomo mawili ya Isaya yana uzito wa kutosha, na la kwanza lina uaminifu ambao lazima niusifu. Katika Isaya 6 nabii anatumwa aunenepeshe moyo wa watu hawa na kuyafumba macho yao, na mhadhiri halikwepi jambo hilo wala halipaki sukari. Anaeleza njia mbalimbali ambazo wasomaji wamejaribu kulielewa, anakiri kwamba hakuna inayoondoa ugumu wote, kisha anamwacha msikilizaji na swali la Isaya mwenyewe, “hata lini?”, na jibu lake la kutisha: mpaka miji iwe maganjo. Laiti kozi nzima ingekuwa na ujasiri huo.

Lakini somo la pili la Isaya linaiacha kabisa Isaya 29:11-12, na sielewi iliachwaje katika kozi yenye mada hii. Huko maono yote yamekuwa kama kitabu kilichotiwa muhuri. Anapewa mtu ajuaye kusoma, anaambiwa asome, anajibu kwamba hawezi kwa sababu kimetiwa muhuri. Anapewa asiyejua kusoma, anajibu kwamba hakusoma. Wote wawili wanakirudisha kitabu kwa adabu, kila mmoja akiwa na udhuru wake, na wala hakuna aliyejaribu kuuvunja muhuri au kumtafuta wa kumsomea. Hapo nadharia ya somo la tatu inaporomoka, maana elimu haikumfaa kitu yule aliyekuwa nayo. Mstari unaofuata unataja watu wanaomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo yao ikiwa mbali, na mistari iliyotangulia inasema kwamba BWANA amewamwagia roho ya usingizi mzito, akayafumba macho yao, ambayo ni manabii. Yaani waliolala ni walinzi. Isaya 56 inarudia shtaka hilo kwa ukali zaidi: walinzi ni vipofu, ni mbwa bubu wasioweza kubweka, wapendao kusinzia, na wanaambiana kwamba kesho itakuwa kama leo, tena nzuri zaidi.

Kuna jambo jingine katika masomo haya ya Isaya ambalo mwezeshaji wa kikundi anapaswa kulirekebisha mapema. Mara kadhaa mhadhiri anateleza kutoka “Israeli ya wakati ule” hadi “Wayahudi”, kana kwamba upofu ni sifa ya taifa fulani na sisi wasikilizaji tunautazama kutoka nje. Maneno hayo makali yaliandikwa na watu wa taifa hilohilo, dhidi ya taifa hilohilo, kisha taifa hilohilo likayahifadhi, likayanakili kwa mkono karne baada ya karne na kuyasoma katika ibada yake kama Maandiko Matakatifu. Mataifa mengi ya kale yalihifadhi sifa za wafalme wao. Wachache sana walihifadhi hati ya mashtaka yao wenyewe na kuiita takatifu. Msomaji anayeitumia Isaya 6 kumnyoshea mwingine kidole ameisoma kinyume na wale walioitunza.

Sasa nije kwenye masomo ya 8 na 9, yanayomhusu Yeremia, ambayo kwa maoni yangu yanatosha kuifanya kozi nzima istahili kusikilizwa. Kiini chake ni hotuba ya hekaluni, sura ya 7, ambayo sura ya 26 inaiweka mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu. Watu wanaingia langoni wakirudia kwamba hili ni hekalu la BWANA, hekalu la BWANA, hekalu la BWANA, na Yeremia anawaambia waende Shilo, mahali patakatifu pa zamani palipoharibiwa, wakaone kilichoipata. Walimu wengi huyaeleza hayo kama ushirikina wa watu wajinga. Mhadhiri huyu anafanya kinyume: anauliza imani hiyo ilitoka wapi, na kujibu kwamba ilitoka katika jambo la kweli. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru aliivamia Yuda, akaitwaa miji yake yenye maboma, na Yerusalemu haikutwaliwa. Isaya mwenyewe alikuwa amesema kwamba mfalme huyo hataingia katika mji huu wala hatapiga mshale humo. Kwa hiyo watu wa siku za Yeremia, chini ya karne moja baadaye, hawakuwa wakishikilia hadithi ya uongo. Walikuwa na muujiza katika kumbukumbu, unabii uliotimia, na jengo lililokuwa bado limesimama kama ushahidi.

Hili ndilo wazo lenye nguvu kuliko yote katika kozi. Hanania wa Gibeoni, yule nabii wa sura ya 28 aliyeivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, na kuahidi kwamba vyombo vya hekalu vitarudi kutoka huko katika muda wa miaka miwili, kwa kweli alikuwa akihubiri ujumbe uliofanana sana na ule wa Isaya. Kilichobadilika ni wakati na hali ya watu. Ukweli uliotolewa kwa waliokuwa wakitetemeka ulikuwa sasa umegeuzwa godoro la waliokuwa wakilala. Mhadhiri anaonyesha pia kwamba Yeremia aliponea chupuchupu kuuawa kwa sababu wazee kadhaa walimkumbuka Mika wa Moreshethi, aliyekuwa amesema katika siku za Hezekia kwamba Sayuni italimwa kama shamba, na kwamba Hezekia hakumuua bali alimcha BWANA. Kumbukumbu ya wakati uleule, wa Hezekia na Senakeribu, iliwalevya wengine na kuwaamsha wengine. Nilisimamisha sauti hapo ili nifikiri.

Halafu inafuata sura ya 36, na hapa anayesoma Maandiko katika kozi anastahili pongezi zake. Ni mwezi wa tisa, mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake, na mjumbe wake aitwaye Yehudi anamsomea gombo aliloliandika Baruki kutoka kinywani mwa Yeremia. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, zinakatwa kwa kisu cha mwandishi na kutupwa motoni, na maafisa watatu wanamsihi mfalme asilichome, naye hawasikii. Msomaji hapandishi sauti hata kidogo. Anasoma kama karani anayesoma kumbukumbu za kikao. Mhadhiri anaongeza jambo moja tu, kwamba Maandiko yanaeleza kuwa hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao, na kwamba Yosia, baba wa mfalme huyu, aliposomewa kitabu cha torati aliyararua yake. Baba alirarua nguo, mwana akararua kitabu. Upofu wa Yehoyakimu haukuwa wa kutosomewa. Alisomewa mpaka mwisho, sehemu kwa sehemu, katika chumba chenye joto.

Ezekieli amewekewa somo moja lililo zuri kwa sehemu, likiwemo lile ono la sura ya 8 la wazee 70 wakifukiza uvumba gizani, kila mmoja katika chumba chake cha sanamu, wakisema kwamba BWANA hatuoni. Lakini kuna kituko ambacho sina hakika kama watayarishaji walikitambua. Katika Ezekieli 33 Mungu anamwambia nabii kwamba watu wanakuja, wanaketi mbele yake, wanamsikiliza kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ya kupendeza apigaye kinanda vema, kisha hawatendi neno lolote. Mistari hiyo imesomwa kwa sauti nzito ya kupendeza, na chini yake umewekwa muziki wa kinanda.

Manabii wadogo waliobaki wamebanwa. Sefania anapata dakika chache, ingawa hakuna aliyeieleza hali ya kubweteka kuliko yeye anaposema kwamba BWANA ataichunguza Yerusalemu kwa taa na kuwaadhibu walioganda juu ya masira yao, yaani mashapo ya divai, wanaosema mioyoni kwamba BWANA hatatenda mema wala mabaya. Watu hao hawamkani Mungu, ila wamemstaafisha. Mika 3:11, mstari unaowaweka pamoja waamuzi wa rushwa, makuhani wa ujira na manabii wa fedha, wote wakisema kwamba BWANA yu katikati yao na hakuna baya litakalowapata, umetajwa bila kuelezwa. Malaki naye amewekwa kapu moja na Hagai na Zekaria, na hivyo ule mtindo wake wa pekee unapotea, ambapo kila shtaka linajibiwa na watu kwa swali la mshangao: tumelidharau jina lako kwa namna gani, tumekuibia kwa namna gani, tumekuchosha kwa namna gani? Watu hao hawasemi uongo. Kwa kweli hawaoni, na huku madhabahuni wanaleta mnyama kipofu.

Kuhusu ubora wa sauti sina lalamiko. Ni safi, na majina ya wafalme yanatamkwa kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijitabu ndicho kinachohitaji kazi. Maswali yake karibu yote yapo katika wakati uliopita na katika nafsi ya tatu: Israeli walikosea wapi, makuhani walifanya nini, mfalme alijibu nini. Majibu yote yamechapishwa ukurasa wa mwisho. Mtu anaweza kuyajaza yote kwa usahihi, akajipa alama, na asiwe ameulizwa hata mara moja yeye mwenyewe anajipaka mafuta gani na mateso ya nani. Mwongozo wa mwezeshaji haumsaidii, kwa kuwa unampangia dakika tu.

Somo la mwisho, la tumaini, linategemea Isaya 35 na 42, na linasema kwamba wakitubu watafumbuliwa macho na kisha wataongozwa. Ni somo tamu, lakini Isaya 42:16 ina mpangilio mwingine: vipofu wanaongozwa kwa njia wasiyoijua wakiwa bado vipofu, na giza linageuzwa nuru mbele yao njiani. Mistari mitatu baadaye linaulizwa swali, ni nani aliye kipofu kama mtumishi wa BWANA, na somo linakatika kabla ya kufika hapo.

Kikundi kitakachoitumia kozi hii nakishauri kianze na masomo ya Yeremia, kirudi kwa Amosi, kisha kiingie kwa Isaya kikiwa na Isaya 29 mkononi. Somo la Hosea lisichezwe; badala yake zisomwe kwa sauti sura ya 4 hadi mstari wa kumi na sura ya 7, mstari wa 8 na wa 9, na swali la kwanza aulizwe mwezeshaji. Ukurasa wa majibu unaweza kung'olewa, na somo la kwanza halina hasara likirukwa, kwa kuwa jedwali la wafalme lililo nyuma ya kijitabu lina yote yaliyomo.